Matundu Matatu Chini ya Chombo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Shule niliishia darasa la nane, na herufi zangu hupanda mlima zikikaribia mwisho wa mstari. Tahajia nayo hunisumbua. Kwetu l na r hubadilishana viti, na neno risiti, ambalo mtaliona hapa zaidi ya mara moja, limenisimamisha kila nilipolifikia. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini yupo mtu ambaye nilipaswa kusema sentensi moja kwa ajili yake, sikuisema, na sasa naandika nyingi.

Tulimwita Soja. Hapa Nakuru mlinzi yeyote ni soja, na yeye alikuwa soja wa mlango katika supamaketi ambako nilikuwa nikipanga bidhaa kwenye rafu. Jina lake lilikuwa kwenye kibandiko kifuani, lakini jua lilikuwa limelifuta, naye hakuomba kingine. Mimi aliniita Kimya. Siku yangu ya kwanza aliniuliza jina, nikalitaja kwa sauti ndogo. Akauliza tena, nikalitaja kwa sauti ndogo zaidi. Akasema, "Basi wewe ni Kimya. Ingia, Kimya."

Alikuwa mrefu na mwembamba, na koti la kazi lilimning'inia kama limeanikwa. Mifuko ya koti hilo ilikuwa na vumbi jeupe lisilotoka hata likifuliwa. Kabla ya kuja mjini alikuwa amechimba mawe meupe kule Kariandusi kwa miaka mingi, na bado aliishi hukohuko, akija asubuhi na kurudi jioni. Mawe yale ni mepesi kama mkate uliokauka. Siku moja alinipa kipande.

"Weka kwa ulimi."

Nikaweka, kikanata. Nilipokivuta kilitoka na mate yangu yote. Soja alicheka mpaka akakohoa.

"Hii jiwe iko na kiu kushinda ng'ombe," alisema. "Ndiyo maana miti inaipenda. Inakunywa maji yote, halafu inagawa polepole."

Miti aliyokuwa akiisema ni ile midogo iliyouzwa kando ya mlango, kati ya mishumaa na fremu za picha. Kwenye stika iliandikwa bonsai. Soja alisema mbonsai, kama wengi wa kwetu ambao b haiwatoki mdomoni bila kusindikizwa na m, na baada ya muda hata keshia wetu aliyefika chuo alikuwa akisema mbonsai. Ililetwa kwa maboksi kila baada ya miezi michache, na aina zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na mizizi minene iliyosimama nje ya udongo kama viazi vitamu, na majani machache juu kama kofia ya mtoto. Ya pili ilikuwa mtarakwa mdogo, ndugu wa ule tunaokata nguzo za ua, uliozungushiwa waya mpaka ukapinda mgongo.

Ukiitazama kwa mbali ilipendeza. Ukiisogelea ungeona alichokuwa akikiona Soja. Vyombo vilikuwa vya plastiki nyeusi inayong'aa, bila tundu hata moja chini. Juu ya udongo kulikuwa na kokoto zilizogandishwa kwa gundi ili zisimwagike safarini, zikawa kitu kimoja kigumu kama biskuti. Maji ukiyamwaga yaliteleza juu ya ile biskuti yakaenda pembeni, na yale machache yaliyoingia hayakupata pa kutokea. Waya ulikuwa umeachwa mpaka ukazama kwenye gome, kama pete kwenye kidole kilichovimba.

Kila mti ulikuja na kadi. Macho ya Soja yalikuwa yameharibiwa na lile vumbi la machimboni, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Ilikuwa ya Kiingereza, nami nilikwenda neno kwa neno.

"Soma kwa sauti, Kimya. Mimi si panya."

Nikasoma: weka mezani. Mwagilia vijiko viwili kwa wiki. Mti huu hauna kazi.

"Nani ameandika hiyo?"

"Haijasema."

"Huyo mtu hajawahi kuwa na kiu. Halafu tarakwa kwa meza! Tarakwa inataka baridi ya Mau. Inataka umande. Ukiiweka kwa sitting room itakuwa inaangalia TV ikikufa."

Alikuwa na njia yake ya kuipima miti hiyo. Mtarakwa, alinifundisha, ni mti wa kiburi. Ukifa haukuambii. Unaweza kukaa wiki nyingi umekufa na bado ni kijani, na watu wengi hununua maiti dukani, wakafika nayo nyumbani, na majani yakianza kuwa ya kahawia wanafikiri wao ndio wameua. Kwa hiyo Soja alikwaruza. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu kwenye kidole gumba, na kwa huo alikwaruza gome kidogo sana, chini kabisa, pahali mteja hawezi kuona. Chini ya gome kukiwa na kijani kibichi, aliurudisha mti kwenye rafu bila neno. Kukiwa na kahawia, alisema "pole" na kuusukuma nyuma.

Si kila mara alinyamaza. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja mbio na shati jipya.

"Soja, niaje. Hii mti ni poa? Nataka kupelekea dem."

"Anakupenda?"

"Sana."

"Basi usimpelekee hiyo. Imekufa."

"Acha zako, si ni green?"

"Hata marehemu huvalishwa suti, kijana yangu. Chukua ile ya mizizi. Ukifika, toa hizi mawe za gundi, toboa chini, weka kwa dirisha. Na ikikauka utumbukize yote kwa ndoo ya maji mpaka iache kutoa povu."

Kijana aliondoka na mishumaa. Keshia alicheka, akasema kwa sauti, "Soja, wewe utafunga hii biashara!" Meneja wa wakati huo alikuwa mtu mpole wa karibu kustaafu, na alijifanya hakusikia.

Sitaki mfikiri alikuwa mtu laini. Mlangoni alikuwa mgumu kama bawaba yenye kutu. Kila mfuko alifungua, kila risiti aliitoboa, hata ya kiberiti. Wakati mmoja alimsimamisha mathe mwenye mtoto mgongoni kwa sababu risiti haikuonekana, na watu wakaanza kumzomea. Hakumwachilia mpaka ikapatikana, imekunjwa ndani ya ngumi ya mtoto. Hakuomba msamaha. Alimnyoosha mtoto vidole kimoja kimoja, akaitoboa ile risiti iliyolowa mate, akamrudishia mtoto. Hakusalimia watu kwa mkono. Akiulizwa habari za nyumbani alijibu habari za hali ya hewa.

Hata miti yenyewe hakuidekeza. Nyuma ya stoo, karibu na mapipa, alikuwa na msumari ambao aliupasha moto kwenye jiko la chumba cha mikate. Kwa huo alitoboa chini ya chombo matundu matatu, kama macho mawili na mdomo. Plastiki ilinuka, na kila tundu lilibaki na mdomo mweusi ulioungua. Kisha alivunja ile biskuti ya kokoto, akatoa mti, akapunguza mizizi na kukata karibu nusu ya matawi kwa mkasi wa kukatia nyama. Mara ya kwanza kumwona nilisahau kuona haya.

"Unaumiza!"

Alisimamisha mkasi. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikianza maneno.

"Kuumiza ni ile waya," alisema. "Hii ni kupunguza mzigo." Akaendelea kukata.

Hapo karibu na mapipa ndipo tulipokula saa saba. Yeye alikaa kwenye tofali na mkebe wake wa githeri. Mimi nilikaa kwenye kreti tupu ya soda, mbali, nikimpa mgongo nusu. Baada ya miezi kadhaa niligundua kreti ilikuwa imesogea. Sijui kama ni mimi niliyeisogeza au ni yeye aliyekuwa akiikuta asubuhi na kuivuta. Hatukuongea. Nilikuwa nimekuja mjini peke yangu, nikapanga chumba kimoja mahali ambapo majirani walinijua kwa rangi ya pazia langu, na ile nusu saa ya kutoongea na mtu aliyekuwepo ndiyo niliyokuwa nikiingojea tangu asubuhi.

Sasa nieleze jambo ambalo lilimponza. Mti ukianza kukauka, amri ilikuwa utupwe pipani, na amri nyingine ilisema mfanyakazi haruhusiwi kuchukua kitu kilichotupwa. Soja alitii amri zote za supamaketi isipokuwa hiyo. Jioni alikwaruza miti iliyotupwa, na ule wenye kijani bado aliutia kwenye katoni akaenda nao Kariandusi. Huko aliuwekea vipande vya mawe meupe, vya ukubwa wa punje za mahindi, akauacha nje upigwe na umande. Baada ya wiki kadhaa aliurudisha. Ndiyo, aliurudisha. Asubuhi na mapema aliuweka kwenye rafu, nyuma ya mingine, na stika yake ya bei ikiwa palepale.

Nilimuuliza kwa nini asikae nayo.

"Ni ya supa," alisema, akinitazama kana kwamba nimempitia mlangoni bila risiti. "Mimi si mwizi."

Kisha yule meneja mpole akastaafu, akaja mwingine.

Asubuhi ninayoisema nilifika pamoja na Soja kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amebeba katoni kwa mikono miwili, kwa hiyo mimi nilimshikia mlango. Ndani ya katoni kulikuwa na mtarakwa mmoja uliopona vizuri, wenye ncha mpya za kijani kama sindano, na kando yake kifuko cha karatasi. Aliiweka katoni chini ya rafu ya miti ili asimame mlangoni kwanza. Saa mbili meneja mpya alituita wote mbele na kusema kuanzia leo kila mfanyakazi atapekuliwa, na tutaanza na soja, kwa maana anayelinda mlango analindwa na nani?

Wakaikuta katoni.

"Hii mti iko na stika yetu," meneja alisema. "Ulikuwa unaitoa saa ngapi?"

"Sikuwa natoa, bosi. Nilikuwa naingiza."

Watu wakacheka. Ni kweli ilichekesha. Meneja akafungua kile kifuko, akaona vipande vyeupe na unga wake.

"Na hii? Hii ni unga ya mikate. Unaiba unga unaficha chini ya maua?"

"Ni mawe, bosi. Ya Kariandusi. Ni chakula ya hiyo mti."

"Mawe!" Meneja alichovya kidole, akakitia mdomoni.

Nilijua kitakachotokea kabla hakijatokea, kwa sababu ulimi wangu uliwahi kuwa hapo. Aliukunja uso. Akajaribu kusema, mdomo ukakwama. Akatema bila mate. Keshia ndiye aliyeanza, kisha kila mtu akaangua kicheko, kicheko kile cha watu walioamka mapema na kuogopa. Kama hatungecheka, labda lingeisha. Lakini yule mtu alikuwa mgeni, na tulimcheka siku zake za kwanza, na macho yake yalipotulia yalikuwa yametulia juu ya Soja.

"Sawa," alisema. "Unasema uliingia nayo. Nani alikuona ukiingia nayo?"

Nilikuwa wa tatu kutoka kwake. Sentensi ilikuwa tayari, fupi: Mimi, nilimshikia mlango. Nilihesabu maneno, yalikuwa matatu. Kinywa changu kilikuwa kikavu kama cha meneja. Nikatazama sakafu niliyoipiga deki mwenyewe, nikaona alama ya kiatu, nikaendelea kuitazama.

Ndipo nikamsikia Soja akisema, "Hakuna mtu aliniona, bosi. Mimi hufika mapema."

Alivua koti la kazi palepale, akalikunja, akaliweka juu ya kaunta. Lilitoa vumbi jeupe kidogo. Akatoka kwa mlango wake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mti ulitupwa. Jioni niliutoa pipani nikauficha ndani ya sweta, nikapita nao mlangoni. Hapakuwa na mtu pale.

Kwa wiki nyingi nilikaa nao chumbani. Niliuweka juu ya ndoo, nyuma ya pazia, kwa sababu niliogopa nikiuweka nje mtu wa supamaketi atapita auone. Niliutumbukiza kwenye maji mpaka uache kutoa povu, kama alivyofundisha. Niliuambia mambo ambayo sikumwambia mtu. Nilimwambia Soja pia, kupitia huo mti, asante kwa kunikinga. Maana hivyo ndivyo nilivyoelewa: alidanganya ili nisiulizwe, ili nami nisifukuzwe. Mawazo hayo yaliniuma, lakini pia yalinipa joto.

Jumapili moja niliutia kwenye katoni nikaenda Kariandusi. Niliuliza watu wawili, na hiyo peke yake ilikuwa kazi. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, na ua wa matawi makavu, na ardhi ya pale ni nyeupe kana kwamba mtu amepaka chokaa. Alikuwa akipalilia maharagwe. Nilisimama kwenye lango.

"Kimya," alisema bila kugeuka. "Hakuna mtu mwingine husimama kwa geti bila kuita."

Nilikuwa nimejizoeza njia nzima. "Nilikuona ukiingia nao!" nilisema. Ilitoka kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. "Mimi ndiye nilikushikia mlango!"

"Najua. Nilikuwa hapo."

Akaosha mikono, akaniletea tofali nikae. Nikamwambia asante kwa kunikinga.

"Kukukinga? Hapana. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuangalia, ukaangalia chini. Nikasema, wacha huyu nimfungie hiyo mlango, akae nayo."

Lile joto nililokuwa nimejiwashia wiki zote hizo lilizimika, nikabaki na baridi yangu.

"Sasa nimemaliza kukasirika," alisema. "Umebeba nini?"

Nilitoa mti. Ulikuwa kijani mzima, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyojivunia. Akausogeza karibu na macho, akapindua chombo akapapasa matundu yake matatu, akaurudisha wima. Kisha akatafuta chini ya shina kwa ule ukucha.

Ilikuwa kahawia. Akakwaruza juu zaidi. Kahawia.

"Pole," alisema.

"Lakini nilikuwa naumwagilia."

"Naona. Ulikaa ndani?"

"Nyuma ya pazia. Niliogopa watu watauona."

Alicheka kidogo, akakohoa, akautikisa mti ukatoka kwenye chombo. Yale mawe meupe aliyakung'uta kwenye maharagwe. Chombo alikisuuza akakiegemeza kikauke. Nilitazama nyumba yake, nikatafuta miti mingine, na haikuwepo. Hata mmoja. Kulikuwa na ubao mrefu nje, wenye alama za mviringo pale vyombo vilipokuwa vikikaa.

"Yote nilirudisha," alisema. "Ikanunuliwa. Miaka yote hiyo, Kimya. Iko kwa manyumba za watu huko mjini, mtaa wa London, Milimani, wapi sijui. Unajua watu hurudi supa na risiti wakiwa na malalamiko. Hii imevunjika, hii imeoza. Lakini sijawahi kuona mtu amerudi kusema kitu yake inaishi."

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kuhusu hali ya hewa, "Unafikiria iko moja?"

Sikujua. Nikasema nitauliza. Akasema, "Utauliza na mdomo gani?" na tukacheka wote wawili, na ilipokaribia jioni akanisindikiza mpaka barabarani.

Huu ndio mdomo wangu. Kama una mti mdogo ulionunuliwa supamaketi hapa Nakuru, au uliopewa kama zawadi na mtu aliyeununua hapa, tafadhali uinue upindue chombo uangalie chini. Ukikuta matundu matatu yenye midomo iliyoungua, macho mawili na mdomo, huo ulipita mikononi mwake. Kwaruza kidogo chini ya shina, kisha uniandikie. Barua ikiletwa kwa hawa waliochapisha maneno yangu, itanifikia. Usijali mwandiko. Andika kijani, au andika kahawia, maana yeye hapendi kudanganywa. Macho yake sasa hayasomi kabisa. Nitakwenda nayo Kariandusi, nikae kwenye lile tofali, nimsomee kwa sauti.